Rili Niliyokupandia Dau

Seche mwanangu,

Nimekuita uje ule, umejibu "Sawa Mama," na mlango hukufungua. Wiki ya tatu hii hiyo "Sawa Mama" ndiyo mazungumzo yetu. Nikisema chai tayari, sawa Mama. Nikisema paa linavuja, sawa Mama. Juzi nikasema makusudi kabisa kwamba ng'ombe wa jirani kaingia sebuleni na amekalia kochi, ukajibu sawa Mama. Jamani! Mimi ni mnadi wa kanisa, nimenadi kuku na maboga mpaka wazee waliosinzia wakaamka, lakini sauti yangu imegonga mwamba kwenye mlango wako. Kwa hiyo naandika. Karatasi haina mdomo wa kuniambia sawa Mama.

Niko jikoni, karanga zako ziko motoni, na baba yako yuko hapo nje anafunga begi lako kwa kamba ya katani ingawa nimemwambia lina zipu. Kesho asubuhi unapanda basi la Mwanza. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji, wala za kukaa na mkoba mapajani, wala za marafiki wabaya. Shangazi zako wameshakuambia, mchungaji kaongeza yake, na hata fundi viatu pale senta hakutaka kupitwa. Ukiyasahau yote, kuna watu wengi wa kulaumiwa, nami simo.

Nataka tuongee habari ya rili. Ndiyo, hiyohiyo, kigurudumu cha kijani cha kukunjia mshipi wa kuvulia, kilichotufanya tuishi nyumba moja kama wapangaji. Umemwambia baba yako kwamba nilikupandia dau makusudi. Yeye kaniambia, kwa sababu baba yako siri haimkai, humtoka kama maji kwenye chekecheke. Basi tulia, nikusimulie tangu mwanzo, ili huko uendako usiisimulie vibaya.

Kwanza elewa kwamba haya yote mliyaleta ninyi wawili. Babu yako mzaa baba alikuwa mfugaji, alikufa akiamini samaki ni nyoka aliyekosa adabu. Mwanawe akaenda kulima zabibu karibu na bwawa la Hombolo, akaanza kuvua perege kwa ufito wa mwanzi, akakufundisha na wewe ukiwa bado unavuta kamasi. Nikasema, waache, ni michezo. Kumbe nilikuwa nafuga jambo. Umemaliza shule, nimekutafutia nafasi ya unesi pale Mvumi, nimeshamwambia kila mtu, na wewe unasimama mbele ya wageni unasema, "Mama, mimi nakwenda kusomea uvuvi Mwanza." Mgogo! Uvuvi! Mgeni mmoja alipaliwa na soda.

Mvumi ningekuja Jumamosi na bakuli la mlenda, jioni nirudi. Mwanza nitakuja na nini?

Basi, ukaanza kutafuta vifaa vyako. Mjini ukazunguka maduka yote, na yule mzee wa Kihindi mwenye duka la mabomba akakuambia kwa upole, "Binti yangu, hapa Dodoma mimi nauza vitu vya kuleta maji. Vya kutoa samaki, agiza Dar." Ndipo ukaipata hiyo tovuti ya mnada, wale watu wanaonadi mitumba ya vifaa vya kuvulia inayoshuka na makontena. Nikawa nakunyang'anya simu kila jioni nitazame, mpaka ukachoka, ukanifungulia akaunti yangu kwenye simu yangu. Jina nikachagua mwenyewe, Baraka Tele. Ukanicheka. Kisha ukanieleza sheria ukiwa umevaa kiatu kimoja, unatafuta kingine chini ya kochi. "Mama, ukibonyeza hapa umepanda dau. Jina lako likiwa juu, unaongoza. Muda ukiisha, aliye juu anachukua." Ukapata kiatu, ukaondoka. Ndiyo shule niliyopewa.

Na matokeo ya shule hiyo unayajua. Nilinunua fimbo ya kuvulia, picha inang'aa, maneno matamu. Ikaja nusu, kipande cha juu tu, chembamba, hata mbuzi hakiogopi. Nikampigia muuzaji kwa hasira zangu zote, akaniambia, "Mama, soma maelezo, tumeandika ni kipande." Kweli kilikuwa kimeandikwa, kule chini, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Nikanunua samaki wa plastiki wenye ndoano tumboni nikidhani ni mapambo, nikatundika mmoja ukutani, akanasa pazia, pazia likachanika, na wewe ukacheka mpaka ukakaa chini. Nikanunua yale mabuti marefu yanayofika kifuani, ya mtu kuingia nayo majini, nikampa baba yako zawadi. Hajawahi kuingia nayo bwawani hata siku moja. Anayavaa kumwagilia zabibu. Yule bibi jirani alipomwona mara ya kwanza alisimama mbali kabisa ndiyo akathubutu kumwamkia, "Mbukwenyi," kwa sauti ya mtu anayeongea na mzimu.

Rahisi ghali, ndivyo wanavyosema, na mimi nimeilipia kauli hiyo kwa pesa za zabibu. Nilichojifunza ni kimoja tu: kitu kikipigwa picha kwa mbali, kina jambo kinaficha upande wa pili. Omba picha ya karibu. Akikataa, achana naye, hata akikuita dada. Na hii si ya fimbo za kuvulia peke yake, lakini nimeahidi sitahubiri, kwa hiyo naishia hapo.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo hukunielewa.

Wewe umekulia kanisani kwetu, unajua mnada wetu unavyokwenda baada ya ibada. Mtu kaleta jogoo wa sadaka. Nampandisha mkononi, nasema, jogoo huyu, nani anaanza? Mzee mmoja anasema, elfu tano, apelekewe mgeni wetu. Basi hapo kila mwenye moyo anaongeza. Huyu mia tano, yule elfu, mama kule nyuma mia mbili yake iliyofungwa kwenye pindo la kanga. Hakuna anayempiga mwenzake. Kila mmoja anatoa alichotamka, pesa zinakusanywa pamoja, na jogoo anakwenda kwa mgeni. Kuongeza ni kusaidia. Mtu akinyamaza wakati mwenzake ametaja jina, anaonekana ana mkono wa birika. Nimesimamia mnada huo tangu hujazaliwa. Mnada mwingine mimi sikuujua. Wa ng'ombe huachiwa wanaume.

Ile rili ulinionyesha mwenyewe. Ulikuwa na furaha, ukanisogezea simu mpaka puani. "Mama, tazama. Haijatumika sana. Hii nikiipata, sitaki kitu kingine." Pesa ulikuwa nazo, za kuuza samaki wako senta, na ulizitunza bila kuniomba hata shilingi. Nilitazama rili, nikakutazama wewe, nikaona moyo umekutulia kwa kitu kidogo namna ile. Nikajisemea, mwanangu nitamsaidia.

Jioni ile ulikwenda mjini kwa shangazi yako, ukalala hukohuko. Mimi nikafungua simu yangu, nikaona rili, nikaona jina lako juu. Nikashangilia peke yangu. Nikabonyeza, nikaongeza. Baada ya muda jina lako likawa juu tena. Nikasema, hee, mambo yanakwenda! Nikaongeza. Ukarudi juu. Nikaongeza tena. Seche, nilikuwa nimesimama hapa jikoni na mwiko mkononi, nanadi kwa sauti, "Nani anaongeza? Mpeni mtoto huyu rili yake!" Baba yako akaja mlangoni kuuliza kama kuna wageni. Nikamwambia, namchangia mwanao. Akasema vizuri, akarudi kwenye redio yake. Nililala nimeshiba furaha. Nilijua nimekupa kitu hata kabla hujaondoka.

Hiyo ndiyo habari niliyomweleza baba yako, na mchungaji, na shangazi yako aliyenipigia kunisema. Nilidhani ni kama kanisani. Wote wamecheka, wamesema maskini Mama Seche, wamenisamehe. Na ni kweli tupu, hakuna neno la uongo humo.

Lakini mnada haukuisha jioni ile. Na wewe ndiye pekee unayejua hivyo, ndiyo maana wewe hukucheka.

Ulirudi asubuhi, ukakaa pale kwenye kigoda chako, ukashika kikombe kwa mikono miwili. Macho mekundu. Ukasema, "Mama, kuna mwendawazimu ananipandia dau kwenye rili yangu. Usiku kucha. Anaitwa sijui nani, Baraka gani. Ana roho mbaya huyo mtu. Nimebakiza kidogo sana, akipanda mara moja tu nimekwisha." Ulikuwa umelisahau jina nililochagua. Ulilicheka siku ile, halafu ukalisahau.

Nilikuwa namimina maziwa. Nikaelewa yote kwa mara moja, palepale, maziwa yakimwagika mezani. Ningeweza kusema, "Mwanangu, mwendawazimu ni mimi." Tungecheka mpaka majirani waje. Ungeniambia, "Mama, wewe nawe!" Ungeishika ile simu yangu, ungeifuta ile akaunti, jioni rili ingekuwa yako.

Nikasema, "Pole mwanangu. Watu wengine wana roho mbaya kweli."

Ndivyo nilivyosema. Na unajua, nimejikasirikia mpaka nimechoka, sasa nina hasira na kila kitu, na simu, na kontena, na samaki wote wa bwawani. Ukinyamaza kwa jambo dogo asubuhi, kufikia jioni linakuwa limeota mizizi. Laiti ningeligeuza kicheko pale mezani.

Jioni ulijifungia chumbani na simu yako. Mimi nikatoka nje, nikasimama kwenye banda la kuku, kule mtandao unakoshika. Dirisha lako lilikuwa wazi. Jina lako lilikuwa juu, muda unakaribia kwisha, nikakusikia ukisema polepole, "Tulia, tulia, tulia," unaiambia ile simu. Nikabonyeza.

Nikakusikia ukisema, "Ah."

Basi. Si kulia, si kutukana. "Ah," kama mtu aliyedondosha sindano.

Hapo sikuwa nimedhani ni kanisani. Nilijua. Nimeandika sasa, sitakuwa na la kukanusha tena. Baba yako ulimwambia, lakini aliamini habari yangu. Mchungaji hajui. Wewe ulijua tangu siku ulipotumwa kuchukua mzigo stendi, ukasoma jina langu juu ya boksi, ukaliweka hapa mezani taratibu, ukasema, "Mzigo wako, Mama." Nikaanza kujitetea haraka haraka kwa habari za mnada wa kanisa, ukanitazama, ukasema sawa Mama. Ya kwanza ilikuwa hiyo.

Utaniuliza kwa nini. Mimi mwenyewe nimejiuliza nikipalilia, nikipika, nikisali. Sikudhani utaghairi safari kwa kukosa rili, akili zangu bado ninazo. Wala sikuihitaji. Hata kuishika sijui inashikwa upande gani. Nilichotaka ni kitu kibaya zaidi. Nilitaka ushindwe mara moja, jambo dogo tu, utoke humo chumbani uje ulie kwangu. Kama ulivyokuwa ukija ukianguka, ukiibiwa daftari, ukipigwa na yule mbuzi wa babu. Mwaka mzima huu hukuniletea chozi hata moja. Fomu umejaza mwenyewe, nauli umetafuta mwenyewe, hata homa uliyougua uliugua kimya kimya kama mtu mzima. Nikaona unaondoka na hakuna unalonihitajia. Nikasema, walau mara moja.

Nilisimama pale bandani nakungoja utoke. Nilikuwa nimeshaandaa maneno. "Pole mama yangu, njoo, usilie." Ukatoka, ukapita mlango wa mbele, ukaenda kwa baba yako kule kwenye zabibu. Yeye na mabuti yake. Nikawaona kwa mbali, umesimama karibu naye, anakupa mpira wa maji ushike. Nilishinda mnada, Seche, na kuku ndio walionipongeza.

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, nami nguo yenyewe nilikuvika mimi.

Nikuambie na hili, kwa sababu kesho nitajifanya mkali na sitaweza. Siku nilipoondoka kwetu Gulwe kuja kuolewa huku, mama yangu hakuniaga. Treni ilikuwa inasikika kwa mbali, wenzake wanaimba, yeye kachutama nyuma ya nyumba anasugua sufuria. Nikamwendea nikasema, "Mama, nakwenda." Akasema, "Nenda, sufuria hizi hazijisugui." Nilipanda treni na hasira iliyonichukua miaka. Nilijiapiza kwamba mimi nikipata binti, siku akiondoka nitasema yote. Nimekuja kufahamu baadaye sana, nikiwa na wewe mgongoni, kwamba zile sufuria zilikuwa safi. Nilizisugua mwenyewe jana yake. Alikuwa anasugua sufuria safi ili asinitazame.

Hasira ya mama ina ukaidi wake, mwanangu. Mara nyingi inasugua sufuria iliyokwisha takata. Lakini usiitumie hiyo kunihurumia haraka. Nilikufanyia ubaya, na ubaya una jina lake.

Sasa rili. Nimekupa mara ngapi unairudisha mezani? "Umeshinda wewe, Mama, ni yako." Kwa sauti hiyo ya karani wa mahakama. Vizuri. Basi tufuate sheria za mnada ninaoujua mimi. Kanisani aliyenunua ndiye anayetaja jina la wa kupelekewa, na aliyetajwa hakatai. Mchungaji alipelekewa yule beberu aliyempiga pembe mbele ya kwaya, je, alikataa? Alimshika kamba akasema asante. Nami nanena mbele ya karanga hizi zinazoanza kuungua: rili ya kijani, iliyonunuliwa na mwendawazimu Baraka Tele, apelekewe Sechelela wa Hombolo, anayekwenda kusomea samaki. Iko kwenye begi, chini kabisa, ndani ya soksi nene za baba yako. Yeye ndiye aliyeziweka soksi, mimi nikaweka rili. Usiirudishe mnadani. Pesa zako za samaki kanunulie chakula.

Ukiifunga kwenye fimbo ukatupa mshipi ziwani, ukanasa kitu, mpigie baba yako, atafurahi mpaka avae mabuti usiku. Lakini siku utakayoshindwa huko, mtihani, au mtu, au jambo lolote likakufanya useme ile "Ah" yako, nipigie mimi. Sitasema nilikuambia. Sitasema Mvumi. Sitaongeza neno juu ya neno lako. Mnadi mzima nitakaa kimya na simu sikioni, wewe ulie mpaka umalize.

Na kama hutashindwa, nipigie hivyohivyo.

Nimesikia mlango wako umefunguka. Acha niitoe sufuria hii motoni, karanga zimeungua upande mmoja, utazila hivyohivyo. Unakuja jikoni. Naikunja karatasi, nitaichomeka kwenye soksi ya pili, na ukiniuliza nilikuwa naandika nini, nitakujibu sawa Seche.

Mama yako